Mkono wa Mwalimu na Pua ya Sufuria

Mke wangu anafundisha watu kupanda farasi, nami ni fundi cherehani ninayeogopa farasi kuliko kitu kingine chochote chenye miguu. Watu hutuuliza tulipatanaje. Alikuja dukani kwangu suruali imechanika kuanzia gotini hadi mahali nisipopataja, akajifunga koti kiunoni, akakaa kwenye benchi bila haya, na wakati namshonea akanieleza jinsi ninavyoshika mkasi vibaya. Nilijua palepale kwamba ama nitamfukuza ama nitamuoa. Sijajuta, ingawa zipo siku nilizokaribia.

Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Mkono, wakiwa na hakika hayupo karibu. Farasi akirusha kichwa, akigoma kugeuka au akisimama ghafla, mwanafunzi hulalamika, na mke wangu, aliyesimama katikati ya uwanja mikono nyuma, husema maneno mawili tu: "Mkono wako." Maana yake ni kwamba mkono ulioshika hatamu umevuta pasipotakiwa, na lijamu, kile chuma cha kinywani, kimemuumiza mnyama. Kwake farasi hana kosa. Farasi ni malaika mwenye kwato, na makosa yote ya dunia hii yanatoka kwenye mikono ya binadamu. Sheria hiyo ipo hata nyumbani. Chai ikimwagika ni mkono wangu, mlango ukigoma kufunga ni mkono wangu, na siku bomba la jikoni lilipopasuka nikiwa dukani, bado aliniangalia mikono.

Farasi wake mpendwa anaitwa Sufuria, kwa sababu ni mweusi kama kitako cha sufuria. Ni mpole, mnene kidogo, mwenye subira ya kubeba mtu yeyote anayejifunza. Mimi humsalimu nikiwa upande wa pili wa uzio, naye hunijibu kwa kunipuuza. Tunaheshimiana.

Matatizo yalianza msimu wa jua kali. Siku hizo Sufuria alikuwa akipandwa na mkunga wa zahanati ya mtaani kwetu, mwanamke mtaratibu aliyekuja kila Jumamosi asubuhi kujipumzisha na kelele za wodini. Wakiwa katikati ya somo, Sufuria akarusha kichwa juu kwa nguvu, akapiga chafya, akarusha tena. Mke wangu akasema maneno yake mawili. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia, mkunga akizidi kulegeza hatamu mpaka zikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na bado akaambiwa mkono wake. Basi akaacha kuja.

"Wengine hawakuumbiwa farasi," mke wangu alisema tukiwa mezani.

Nilimkumbusha kwamba mikono anayoisema imepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, na sijasikia mtoto aliyelalamika. Akanijibu kwamba mtoto hazaliwi na lijamu mdomoni, tukaishia hapo.

Kisha akampanda Sufuria yeye mwenyewe, ili, kwa maneno yake, amsafishe tabia mbaya aliyofundishwa. Sufuria akarusha kichwa kama aliyeingiwa na nyuki puani. Mke wangu akalegeza hatamu, farasi akarusha. Akabadilisha lijamu, akaweka laini kuliko zote zilizopo, farasi akarusha. Akapunguza mwendo mpaka wanatembea tu, na farasi akainama kusugua pua kwenye mguu wake wa mbele huku anatembea, nusura wote wawili waanguke. Vijana wa banda la farasi waliona ni mchezo. Wakaanza kumwita Sufuria Bwana Ndiyo, wakawa wanamuuliza kama leo wapumzike mapema, naye anaitikia kwa kichwa. Siku nyingine mke wangu angecheka kuliko wao. Safari hii alipita kama hakusikia.

Mwalimu mwingine angesema farasi ameharibika, akalala usingizi wake. Lakini wangu hana ndimi mbili, na hilo ndilo linalonichosha na ndilo lililonifanya nimuoe. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Aliwakata wanafunzi wake kwa sheria hiyo miaka yote, na ulipofika upande wake hakuruka pembeni. Farasi akirusha kichwa ni mkono wa aliyempanda. Aliyempanda ni yeye. Kwa hiyo mkono wake umeharibika.

Hakuniambia. Nilianza kuona vituko tu. Alikuja dukani akachukua pakiti yangu ya sindano, akakaa mlangoni penye mwanga, akatunga uzi kwenye kila sindano, moja baada ya nyingine, kisha akazitazama kama anazidai kitu. Nyumbani alijaza kikombe mpaka ukingoni na kukibeba toka jikoni hadi sebuleni, polepole, macho kwenye maji. Hakumwaga hata tone. Nikamwambia mbona mikono iko sawa kuliko yangu, akasema mkono wa sindano si mkono wa hatamu. Hapo moyo ulinishuka, maana nilielewa anachotafuta.

Mwishowe alilisema, tena wakati anakunja nguo, bila kuniangalia.

"Nimemwambia mwenye banda naacha kazi mwisho wa mwezi. Mkono umezeeka, Fundi."

Nikamuuliza kama amempeleka farasi kwa daktari. Akasema farasi haumwi, anayeumwa ni yeye, na daktari wa mifugo hatibu wanawake. Nilicheka peke yangu. Niliogopa, nasema kweli. Nimemzoea mwanamke anayerudi jioni akinuka nyasi na jasho la mnyama, akinieleza nani kaanguka na kwa nini alistahili. Huyu aliyekaa kimya na kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa, sikumjua.

Bahati ilikuja na zipu. Daktari wa mifugo, dada mmoja kijana anayevaa ovaroli muda wote kama ngozi ya pili, aliileta ovaroli hiyo dukani zipu imekatika. Wakati naibadilisha nilimwaga yote yaliyokuwa moyoni, sindano zikiwa mdomoni. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja.

"Na akiwa peke yake je, bila mtu mgongoni, juani? Anatikisa?"

Kwenye banda lile farasi hutoka na mtu mgongoni tu. Jua likishakuwa kali wanarudishwa kivulini, na watu wanakwenda kula. Hakuna aliyewahi kumwona Sufuria adhuhuri akiwa hana hatamu wala mtu. Nilisema sijui. Daktari akasema basi kesho tutajua.

Kumleta mke wangu kwenye uzio ilikuwa kazi kuliko kumleta farasi. Alikuja kwa sababu nilimwambia nami nitakuwepo, na hakutaka kukosa kuniona nikiwa karibu hivyo na farasi asiyefungwa. Daktari alimwangalia Sufuria meno, akammulika masikio na macho, akampapasa taya, akasema hapo hakuna tatizo. Kisha akamvua kila kitu. Hakubakiza hata kamba. Akamfungulia uwanjani, jua la utosi, upepo kidogo, akatoka na kufunga lango.

Sufuria alisimama. Akanusa mchanga. Akatembea kidogo kama mzee anayetafuta miwani. Tukangoja, na nikaanza kuwaza nitamwambia nini mke wangu njiani kurudi. Ndipo farasi akarusha kichwa. Juu, kwa nguvu, kama aliyechomwa. Akapiga chafya, akasugua pua kwenye goti, akarusha tena, na tena, huku hakuna mkono wa mtu yeyote karibu naye.

Mke wangu alinishika kifundo cha mkono akakibana. Akacheka, kicheko cha msichana, mpaka daktari akageuka. Halafu machozi yakamtoka, na kicheko kikakatika.

"Nimefurahi, Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Mnyama anateseka mbele yangu, na mimi nimefurahi."

Nikamwambia hata mimi. Hakupenda jibu hilo, lakini hakuniachia mkono.

Daktari alieleza kwa lugha yetu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita usoni mwa farasi hadi puani, na wa Sufuria umekuwa mwepesi kupita kiasi, kama mbwa wa jirani anayebweka hata jani likianguka. Jua kidogo, upepo kidogo, vumbi, mshipa unapiga kelele, na farasi anahisi kama kachomwa. Mke wangu akauliza dawa. Daktari hakumdanganya. Alisema huu si ugonjwa wa kuponya, ni wa kuishi nao: wavu wa kufunika pua, kitambaa cha kukinga macho na jua, kumpanda asubuhi sana au jioni, siku ya upepo kumwacha. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine ndogo. Tujaribu kwanza kwa soksi ndefu za kike, zile za nailoni, tuone kama pua ikifunikwa anatulia.

Sasa, mke wangu hana soksi za namna hiyo. Maisha yake yote ni suruali na buti. Aliyetumwa dukani ni mimi. Muuzaji aliniuliza saizi, nikasema kubwa kuliko zote, akaniuliza rangi ya ngozi ya mwenyewe, nikasema mweusi tii, ana kilo kama mia tano. Aliita mwenzake aje anione.

Soksi zilisaidia. Alipovishwa, Sufuria alifanana na jambazi aliyechanganyikiwa, lakini alizunguka uwanja wa jioni akirusha kichwa mara chache tu. Basi nikapima pua yake nimshonee wavu wa kweli. Ndiyo, mimi. Nilisimama na futi kamba mkononi huku mke wangu amemshika, na pumzi ya moto ya farasi ikinipiga viganjani, nikajua hapa ndipo nitakapofia. Nilishona kwa tuli laini, kile kitambaa cha shela, iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi fulani, nikaweka utepe wa pembeni usimkwaruze. Kwa kazi hiyo moja nimepewa heshima bandani kuliko niliyopata kwa suti zote nilizoshona.

Mke wangu alirudi kwa mwenye banda kufuta maneno yake. Yule mzee akasema hata hakuwa ameyasikia vizuri. Masomo ya Sufuria yakahamia jioni, na nyumba yangu ikaanza tena kunuka nyasi. Nilidhani tumemaliza.

Yeye hakuwa amemaliza. Siku moja alivaa blauzi safi akaenda zahanati kumtafuta mkunga. Aliambiwa angoje, akakaa kwenye benchi la wajawazito, yeye na mvi zake, mpaka mama mmoja akamsogelea na kumuuliza kwa upole anatarajia lini. Akasema anatarajia kusamehewa, tarehe hajapewa. Ndivyo alivyonisimulia, na sehemu hiyo aliisimulia akicheka. Sehemu iliyofuata hakucheka.

Alimwambia mkunga kwamba farasi alikuwa mgonjwa, na kwamba yeye, mwalimu, alimlaumu mtu asiye na kosa. Mkunga alikuwa akinawa mikono. Akafunga bomba, akaendelea kuitazama.

"Nilishaanza kuwauliza wenzangu, Mwalimu," alisema. "Kama mkono wangu ni mzito. Nikimshika mtoto nilikuwa najiuliza."

Mke wangu aliporudi alikaa dukani kwangu hadi nafunga. Alisema yeye alijipima mkono kwa kutunga sindano, na yule alikuwa akishika watoto. Nikampa vifungo avipange.

Mkunga alirudi Jumamosi, jioni. Nami nilikwenda, kwa kisingizio cha kuangalia wavu kama umekaa vizuri. Kulikuwa na mawingu mepesi. Sufuria alivishwa wavu wake, mkunga akapanda, wakaanza kuzunguka, na kwa muda mrefu mambo yalikuwa shwari kiasi kwamba nilianza kujisifu kimoyomoyo. Kisha kaupepo kakapita. Sufuria akarusha kichwa.

Niliona mabega ya mkunga yakipanda hadi masikioni. Hakumwangalia farasi, alimwangalia mwalimu, kama mtoto aliyevunja sahani. Mke wangu alikuwa pale pale katikati ya uwanja, mikono nyuma, na mdomo wake ulishafunguka kwa mazoea ya miaka yote. Nilishika uzio.

"Si wewe," alisema. "Ni pua yake. Mwache apige chafya, halafu endelea."

Mabega yakashuka. Sufuria akapiga chafya, akatikisa masikio, akaendelea na mwendo wake wa mzee mwenye miwani, na mkunga akaanza kutabasamu bila kujua anatabasamu. Mke wangu aligeuka kunitazama. Macho yake yalikuwa yamelowa, akanikunjia uso kunionya nisiseme neno.

Usiku huo tukinywa chai nilikuwa na furaha kupita kiasi, nikasimulia kwa mikono, kikombe kikapinduka, chai ikamwagika meza nzima hadi kwenye sketi ya mteja niliyokuwa naitia pindo. Nikamwangalia mke wangu kwa matumaini. Nilifikiri labda na mimi, kuanzia leo.

"Mkono wako," akasema, akanirushia kitambaa.

Nikafuta meza.