Maji Yaliyotangulia Taarifa

Niliteuliwa kuwa mkalimani wa Mto Tana kwa sababu mbili nzito: nilikuwa na shati jeupe, na hakuna mwingine aliyejitokeza. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa hoteli moja hapa Garissa, karibu kabisa na mto, na tulikunywa maji ya chupa yaliyoletwa kutoka Nairobi ili tujadili maji kwa utulivu.

Injinia aliyetumwa kwetu alieleza kwamba tangu mabwawa yajengwe huko juu, mto umesahau kufurika. Madimbwi ya kandokando hayajai, kambare hawana pa kutagia, nyasi za bondeni zimekufa. Sasa wataalamu walikuwa na dawa: msimu wa mvua watafungua mageti ya bwawa kwa kiasi, mto ufurike kwa adabu. Maji hayo yaliitwa maji ya mazingira. Nilitafuta neno lake kwa Kisomali, nikalikosa, nikasema "maji ya bure". Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Shangazi yangu, eeddo kama tunavyomwita, hakupiga. Ana shamba la migomba ukingoni na ng'ombe wachache, na samaki hajawahi kumtia mdomoni. Alisimama, akaniruka mimi na ukalimani wangu, akasema kwa Kiswahili chake:

"Injinia, hii maji yako inakuja siku gani? Mimi iko na bambu huko chini."

"Mama, pampu yako isikutie wasiwasi. Mtapata ujumbe kwenye simu siku saba kabla."

"Na hiyo ujumbe ikilala njiani?"

"Mfumo wetu haulali, mama."

Mfumo ulilala fofofo. Jumanne moja asubuhi nilikuwa nachota maji ya chai nilipoona mto umegeuka rangi na vijiti vinapita kasi. Nilimwita eeddo kwa sauti ambayo mkalimani mwenye heshima hapaswi kuwa nayo. Tuligawana kazi kwa haki: yeye alishika simu yangu na kutoa amri, mimi nilishika pampu. Nilizama hadi kiunoni, nikaivuta, nikaanguka, nikaivuta tena. Pampu tuliiokoa. Mipira yote ya kumwagilia ilienda zake kuelekea baharini.

Tulikuwa tumekaa ukingoni, tunatiririka matope, simu ilipolia mkononi mwake. Nilimsomea: "Ndugu mkazi, maji yataachiliwa baada ya siku saba. Chukua tahadhari."

"Waambie tumechukua," alisema eeddo.

Wiki kadhaa baadaye injinia alirudi na mpiga picha kuja kutazama ushindi wake. Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa ushindi kweli. Madimbwi yalikuwa yamejaa, kambare wakirukaruka, korongo wamesimama kwa safu kama wajumbe wanaosubiri chakula cha mchana. Nyasi zilifika magotini, na ng'ombe wa eeddo walikuwa wamenenepa bila haya. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu yule siku nzima, na sasa sikujua pa kuanzia.

Eeddo alijua.

"Maji yako ni nzuri," alimwambia. "Simu yako ndiyo takataka."

Injinia aliandika kwenye daftari lake. Nilichungulia. Aliandika: "Jamii imeridhika."

Lakini siku hiyo alikuwa amefuatana na mtu mwingine, mnyamavu, mwenye viatu vya mpira. Eeddo alimuuliza yeye kazi yake ni nini.

"Mimi ndiye hufungua mageti kule bwawani," alisema. "Naambiwa saa, nabonyeza."

Nilidhani atamtukana kwa ajili ya mipira yake. Badala yake alimjazia kikombe cha maziwa ya ngamia, akamshika mkono wa shati, akampeleka hadi kwenye dimbwi kubwa. Mtu yule alisimama hapo muda mrefu, kikombe mkononi, akiwatazama ng'ombe wakinywa.

"Miaka yote hii nafungua," alisema polepole, "sijawahi kuona yanakokwenda."

Kabla hajaondoka eeddo alichukua namba yake. Tangu hapo humpigia kila Ijumaa kumjulia hali, mke na watoto, na mwishoni, kama kwa bahati, kumuuliza habari za mageti. Maji ya msimu uliofuata yalipokuja, pampu ilikuwa imekwisha kupanda kilimani siku mbili kabla, na majirani wote walikuwa wamepata habari kutoka kwake.

Ofisini walifurahi sana. Niliitwa tena mkutanoni na shati langu jeupe, nikatafsiri mbele ya wageni kwamba mfumo wa kisasa wa tahadhari unafanya kazi kikamilifu. Eeddo alikaa mstari wa mbele na safari hii alipiga makofi, kisha akatoka kwenda kupokea simu kutoka bwawani.