Getruda Anasoma Nyota

Aliyekutana na Getruda Magige kwa mara ya kwanza hakuanza na uso wake. Alianza na miguu. Juu kulikuwa na sketi ya ofisini ya kijivu, imepigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo yake ikasimama, na blauzi nyeupe iliyofungwa vifungo vyote. Chini kulikuwa na miguu ya mtu aliyetoka porini muda huohuo, yenye mikwaruzo ya miiba, kovu refu juu ya kifundo, na vumbi ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa kulitoa. Ungedhani wanawake wawili wamegawana mwili mmoja na bado hawajaelewana nani avae viatu.

Wa juu alikuwa mtaalamu. Alisoma fizikia Chuo Kikuu, kisha akapata kazi katika kituo kidogo mjini Musoma, chumba kimoja chenye antena juu ya bati, ambako picha za mawingu na ardhi zilipokelewa kutoka kwenye satelaiti. Picha ilishuka mstari baada ya mstari, naye akaitafsiri: hapa moto wa nyika, hapa mvua inakuja, hapa majani yamekauka. Wa chini alikuwa mkimbiaji. Mwisho wa juma alipanda gari hadi Butiama kwa shangazi yake, akakimbia vilimani tangu asubuhi, na akiliona jiwe kubwa hakulizunguka, alilipanda. Katikati yao alikuwapo wa tatu, aliyepanga chumba mtaa wa Mukendo, akachota maji, akachambua dagaa, na kugombana na jiko la mafuta ya taa kama watu wengine.

Mwenye nyumba wake, Mwamvita, alikuwa muuza mitumba. Tangu biashara ilipofunguliwa na marobota kuanza kumwagika sokoni, alimwekea Getruda viatu vya kukimbilia.

"Hivi hapa, mwanangu. Cha kulia kimelika kidogo. Cha kushoto kizima kabisa."

"Lakini, bi Mwamvita, hivi ni jozi moja kweli?"

"Ni ndugu. Baba mmoja, mama mbalimbali. Vaa."

Mjini, basi, kazi yake haikumsumbua mtu. Nyumbani kwao Mugeta, wilaya ya Bunda, ndiko neno lilikokwenda upande. Kaka yake Burito, kwa kujivuna, alikuwa amesema klabuni mbele ya watu: "Dada yangu anasoma nyota." Hakudanganya. Lakini kwa Kiswahili anayechunguza mambo ya anga anasoma nyota, na mnajimu anayekuambia bahati yako, mke utakayemwoa na mtu aliyekuibia, naye anasoma nyota. Burito alimaanisha wa kwanza. Klabu nzima ikamsikia wa pili.

Getruda alipokwenda kuwasalimu mwezi Julai, mwaka wa tisini na tatu, wazee walimpa mikono miwili miwili, na mama mmoja alimvuta pembeni amwangalizie binti yake atapata mchumba lini. Alicheka tu, akaona ni utani wa nyumbani. Kisha akaja Mzee Stanislausi, ambaye ng'ombe wake walikuwa wameibwa zizini, akauliza kwa upole: "Mwanangu, wewe unayeona kutoka juu. Ng'ombe wangu watakuwa wameelekea wapi?"

Naye akamjibu kwa moyo wake wote, kama alivyofundishwa kumjibu mwananchi. "Baba, picha za juma hili zinaonyesha upande wote huu umekauka. Majani mabichi yamebaki kule mtoni tu. Ng'ombe yeyote anayetembea sasa ataelekea mtoni."

Mzee alishukuru, akaondoka. Getruda alirudi kazini na hakulifikiria jambo hilo tena hadi Jumamosi iliyofuata, alipokuwa Butiama akipumzisha miguu. Kesho yake zilikuwa mbio za mkoa mjini Musoma, na mshindi wa kwanza wa wanawake angechukuliwa kwenye kambi ya taifa. Alizisubiri mbio hizo mwaka mzima. Mchana, pikapu ya samaki ilisimama barabarani, na wifi yake Esta, mke wa Burito, akashuka mbio, khanga imemporomoka begani.

"Wifi, wamemshika Machage!"

"Machage yupi?"

"Wa mtoni. Wamemfunga kamba tangu asubuhi. Ritongo linakaa jioni."

Ritongo ni baraza la wanaume la kumhukumu mwizi, na hukumu yake haikatiwi rufaa. Kwa kawaida nyumba ya mwizi ilichomwa, naye akafukuzwa pamoja na watoto wake. Hiyo ndiyo ilikuwa huruma.

"Vijana wanasema safari hii wasimfukuze," alisema Esta. "Wanasema wammalize."

"Ameonekana na ng'ombe?"

"Hata mkia."

"Sasa wamemshikia nini?"

Esta alimtazama kama mtu anayeangalia kama mwenzake anatania. "Wifi, si wewe ndiye uliyesema? Mtoni kuna nani mwingine zaidi ya Machage?"

Getruda aliyakumbuka maneno yake kwa Mzee Stanislausi. Alikuwa amezungumza habari za majani. Wao walidhani wamepigiwa ramli na kupewa jina.

Pikapu ilikwisha kuondoka kuelekea Musoma. Gari la kurudi upande wa Mugeta lisingepatikana hadi kesho, na polisi walikuwa Bunda, mbali zaidi. Getruda aliingia ndani, akatoka na viatu vyake vya mama mbalimbali, akaketi kizingitini kufunga kamba.

"Na mbio zako za kesho?" aliuliza Esta.

"Zimehamia leo."

Alifuata barabara hadi aliposhindwa kuvumilia kuzunguka kwake, kisha akakata kushoto kwa njia za ng'ombe. Jua lilikuwa limeinama lakini bado kali. Alishuka makorongo kwa makalio, akapanda kwa mikono, akapita katikati ya mikonge iliyomchana mapaja, na kichomi kilipomshika ubavuni alikibana kwa ngumi akaendelea. Miguu haikuwa shida. Shida ilikuwa atasema nini akifika.

Akisema alikosea, wangesema wezi wamemnunua. Akisema yeye si mnajimu, wangemcheka, kwa sababu mnajimu wa kweli hajitangazi. Lilibaki neno moja, na kadiri alivyokaribia ndivyo lilivyozidi kumvuta: aseme nyota zimemwonyesha kwamba Machage hana hatia. Basi. Kamba ingefunguliwa palepale. Wangemwamini, maana walikwisha kumwamini. Lakini baada ya hapo kila ng'ombe atakayepotea Mugeta angeletwa mbele yake, na siku moja angenyamaza tu, au angetazama upande mmoja, na mtu angekufa kwa ule upande aliotazama. Alikimbia na neno hilo mdomoni kama mtu aliyebeba kaa la moto, asijue alimeze au alitupe.

Ritongo lilikuwa limeketi kwenye uwanja wa mpira wa shule. Machage alikuwa amefungwa kwenye mlingoti wa goli, kifua wazi, mdomo umevimba. Kijana mmoja, Masatu, alisimama karibu yake na dumu la mafuta ya taa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona.

"Haa! Mtaalamu mwenyewe! Dada, umechelewa, au umekuja kuwasha kwa mkono wako?"

"Mfungueni huyo mtu," alisema Getruda, akihema.

"Mwanamke hasemagi kwenye ritongo," alinguruma mtu.

Mzee Stanislausi aliinua fimbo. "Huyu aseme. Yeye ndiye aliyetuonyesha. Mwanangu, kunywa maji kwanza."

Alikunywa. Wanaume wote walimtazama, na lile neno likaja lenyewe hadi kwenye ulimi. *Nyota zinasema.* Machage naye alimtazama, kwa jicho moja lililobaki wazi, si kwa kuomba. Kwa hasira. Getruda alilimeza.

"Sikuwaonyesha mtu, baba. Niliwaambia majani yako wapi. Nyota hazimjui mwizi. Hazimjui Machage wala mimi."

Manung'uniko yalipanda. "Wamempa kitu," alisema Masatu. "Wiki iliyopita zilijua, leo hazijui?"

"Mnalijua basi la Mwanza kwenda Musoma?"

Swali hilo hawakulitegemea.

"Nani asiyelijua?" alisema mzee mmoja.

"Likitoka Mwanza alfajiri, mnajuaje litafika Bunda saa ngapi? Mnapiga ramli?"

"Tunajua mwendo wake."

"Na dereva akilewa?" alidakia mwingine, na wachache wakacheka bila kutaka.

"Huko ninakosoma mimi hakuna dereva wa kulewa. Ndiyo tofauti. Kuna chombo cha Warusi kinachozunguka dunia, kina watu ndani. Jioni, jua likiwa limezama kwetu, huko juu linakuwa bado linakimulika, na ukikitazama utadhani nyota inatembea. Jana kilipita juu yetu saa mbili na dakika tano. Kila siku kinawahi kwa karibu saa nzima." Alimgeukia Stanislausi. "Baba, leo kitapita saa ngapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Jana saa mbili na dakika tano. Leo kinawahi saa nzima."

Mzee alikunja uso, akahesabu kwa vidole ingawa hesabu ilikuwa ndogo. "Basi saa moja na dakika tano."

"Nani amesema hivyo?"

"Mimi."

"Kwa hiyo wewe ni mnajimu?"

Kicheko kilitoka, safari hii kikubwa, na mzee mwenyewe akatikisa kichwa. "Mama yangu! Nimekuwa mganga uzeeni!" Lakini Masatu hakucheka, na nyuma yake vijana wengine hawakucheka pia.

"Maneno," alisema. "Kama kipo, tukione. Kama hakipo, ametudanganya leo, na wiki iliyopita ndiyo alisema kweli."

Getruda aliiona hatari ya jambo hilo waziwazi, na aliona pia kwamba hakuna mlango mwingine. Saa ya kupita kwake alikuwa ameisoma kwenye jedwali lililoletwa kituoni kwa teleksi; jana alikiona kwa macho yake. Lakini teleksi ilikuwa na makosa mara kwa mara, na chombo kile huinuliwa na wenyewe pale wanapotaka, saa yake ikabadilika, bila kumwarifu mtu wa Musoma.

"Kitatokea upande wa ziwa," alisema, "kipite hapa juu, kielekee Serengeti."

Stanislausi alisimama. Ng'ombe walikuwa wake, na uwanja wote ulimngoja.

"Sikilizeni. Kikipita saa ile niliyoihesabu mimi, mimi na siyo nyota, kamba inafunguliwa. Kesho tunafuata nyayo kwa miguu yetu, na huyu Machage anatutangulia, kwa sababu yeye ndiye anayeujua mto. Kisipopita..." Masatu alilitikisa dumu, mafuta yakalia ndani.

Jua lilizama. Katekista Felisian, ambaye peke yake alikuwa na saa ya mkononi inayoaminika, alisimamishwa katikati ya uwanja na kuambiwa asitazame kitu kingine. Kutoka ziwani wingu moja refu lilikuwa linapanda taratibu, jeusi kwa chini. Getruda alilitazama kama alivyozoea kuyatazama mawingu kwenye picha, kutoka juu, na kwa mara ya kwanza akaogopa mwendo wake. Lilikwisha kuifunika pua ya kilima. Likifika juu zaidi kidogo, chombo kingepita nyuma yake na hakuna ambaye angekiona.

"Saa?" aliuliza Stanislausi.

"Moja kamili."

"Wingu hilo, baba," alisema Masatu. "Wingu nalo ni la Warusi?"

Kati ya wingu hilo na mawingu mengine yaliyotanda juu ya uwanja lilibaki pengo la anga safi, upana wa kiganja. Miguu ya Getruda ilianza kukaza, msuli mmoja baada ya mwingine, lakini hakuketi.

"Nigeuzeni," alisema mtu. Ilikuwa sauti ya Machage, kavu, kutoka golini. Alikuwa amefungwa uso ukielekea shule. "Nigeuzeni na mimi nione. Kinanihusu kuliko nyie."

Wanaume wawili walitazamana, wakaenda, wakamgeuza bila kumfungua.

"Dakika ya tatu," alisema Felisian.

Mahali fulani bondeni ng'ombe mmoja alilia, na hakuna aliyegeuza shingo, hata mwenye ng'ombe. Masatu alikuwa ameliweka dumu chini apate kukinga macho kwa mikono yote miwili.

"Dakika ya nne."

Wote walikuwa wamelikazia macho pengo lile, na wingu lilikuwa bado linapanda.