Dawa ya Mbu Sebuleni kwa Mama

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya wasafiri, katikati ya jiji la Sydney. Kila siku nawahubiria watu wanaokwenda miji ya joto: meza vidonge, lala ndani ya chandarua, vaa mikono mirefu, na mchana jipake dawa ya mbu, maana mbu wa kidingapopo, yaani homa ya dengue, huuma mchana na vidonge vya malaria haviuzuii ugonjwa huo. Nasema kwa ukali. Lakini mganga hajigangi.

Likizo ya Julai nilimpeleka binti yangu wa miaka tisa kwa mama yangu, Mombasa. Siku ya kwanza nilimpaka dawa, nikamvika shati la mikono mirefu, nikampeleka sebuleni awaamkie shangazi zangu. Mama akanusa. Akamshika mtoto mkono hadi bafuni, akamwogesha upya, akamvalisha gauni la mikono wazi alilomshonea mwenyewe.

"Mjukuu wangu hanuki dawa nyumbani kwangu," alisema mbele ya wageni. "Kwani sisi tuna ugonjwa gani?"

Shangazi wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Uani kulikuwa na mapipa matatu ya maji yasiyo na vifuniko, kwa kuwa maji ya bomba huja mara moja kwa wiki, na asubuhi ile nilikuwa nimeona viluwiluwi vya mbu vikicheza humo. Mtu mwingine ningemkaripia. Kwa mama niliendelea kunywa chai yangu. Wiki mbili nzima ile chupa ya dawa haikutoka sandukuni.

Siku ya nne tangu turudi Sydney, homa ikampanda mtoto, akalia kwamba macho na mifupa vinamuuma. Hospitalini daktari aliniuliza kama nilikuwa nampaka dawa ya mbu. Nikasema hapana, na sijawahi kujichukia kama siku ile. Alilazwa siku tano kwa kidingapopo. Siku mbili kati ya hizo sikujua kama nitarudi naye nyumbani.

Alipopata nafuu, mama alipiga simu.

"Ni hiyo baridi yenu," alisema. "Mlete Desemba apate jua."

Najua kuugua kidingapopo mara ya pili huweza kuwa kubaya kuliko mara ya kwanza. Nawaambia watu kila wiki.

"Sawa, mama," nikasema. "Ni baridi tu."

Binti yangu, anayeelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini nimemdanganya nyanya. Nikamwambia hiyo ni heshima. Akanigeuzia mgongo.