Sharti Ambalo Hakimu Hakulitamka

Othman Mbarouk, mzaliwa wa Tanga, ni mjomba wangu na ndiye mpishi wa misiba yetu. Akifariki Mswahili huku kwetu Maryland, Marekani, iwe Adelphi au Takoma Park, simu ya kwanza humwendea mwosha maiti, ya pili humwendea yeye. Hufika na masufuria yake mawili, hasubiri kuombwa.

Mwaka juzi alikiri kosa la kusafirisha sigara zisizolipiwa ushuru. Alikuwa amekaa rumande miezi kumi na mmoja. Hakimu akasema hiyo yatosha, aende nyumbani, ila miaka mitatu awe chini ya uangalizi. Mjomba aliinamisha kichwa akaitikia "ndiyo, mheshimiwa" kila hakimu alipovuta pumzi. Ndivyo alivyolelewa: mkubwa hakatizwi.

Siku ya tisa baada ya hukumu, kaka yake Azhar akafariki Fairfax. Maziko yalikuwa alasiri ya siku ileile. Mjomba akampigia afisa wa uangalizi.

"Ni mwendo wa nusu saa, bwana."

"Ni Virginia, jimbo jingine. Hukumu inasema usitoke Maryland bila kibali, na kibali huombwa wiki mbili kabla."

"Kaka yangu hakuniarifu wiki mbili kabla."

Azhar akafukiwa bila mchanga wa mkono wa ndugu yake.

Kesho yake nilichukua daftari langu. Siku ya hukumu nilikuwa mahakamani nikiandika kila neno, ili nimweleze mama. Tukalilinganisha na hukumu ya karatasi. Karatasi ilikuwa na masharti kumi na matatu. Hakimu alikuwa ametamka manne. La kutovuka mpaka halikuwemo. Adhabu inayoongezwa mtu akishatoka chumbani si haki. Ni umbea wenye muhuri.

Wakili wa mjomba, Irene, alisema siku nne zimebaki za kukata rufaa. Kisha akavua miwani. "Lakini mzee wangu, ukishinda, adhabu yote inaanza upya. Hakimu anaweza kukurudisha ndani."

"Nyamaza tu, baba," akasema mkewe, Johari. "Miaka mitatu ni kufumba na kufumbua."

"Nimenyamaza mara moja, umeona nilichopikiwa," mjomba akajibu. "Sikatai adhabu, Johari. Nakataa kuadhibiwa nikiwa sipo."

Akatia saini karatasi za rufaa.

Upande wa mashtaka ulidai kwamba kimya chake mahakamani kilikuwa ridhaa. Majaji watatu wa rufaa walijibu kwa maneno machache: mtu hawezi kupinga asichoambiwa. Wakafuta adhabu nzima na kumrudisha kwa hakimu yuleyule.

Safari hii hakimu alisoma sharti moja moja. Alipofika kwenye sharti la mpaka, mjomba alisimama.

"Hapana, mheshimiwa."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Kazi yangu iko Maryland," mjomba akaendelea. "Kaka yangu amelala Virginia. Naomba niambiwe, mpaka huu unamlinda nani?"

Hakimu alimgeukia mwendesha mashtaka, naye akapekua karatasi zake, akapekua tena. Hakimu akalifuta sharti lile kwa kalamu yake, na hakuongeza hata siku moja ya kifungo.

Ijumaa iliyofuata tulimsomea Azhar khitma Fairfax. Mjomba alipitia kwanza makaburini, akatia mchanga wake, kisha akaja kukoka moto.

"Sasa utabishana hata na wali?" Johari akamtania.

"Wali ukiniletea ubishi," akasema, akafunua sufuria.