Chokaa Iliyoingia Machoni

Kina mama wenzangu, mmeniomba niwasimulie habari ya jicho langu la kulia, hili jeupe ambalo watoto hulitazama kisha wakageuza uso. Nitasema yote. Kuna mahali nitaona aibu, lakini mficha maradhi kilio humwumbua, na mimi kilio kilikwisha kuniumbua zamani.

Mimi naitwa Ghati, nimezaliwa Susuni. Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, wasichana wa kwetu waliosoma walikuwa wachache sana. Tata, yaani baba yangu, hakuona faida ya kumsomesha binti, ila mama alimsumbua mpaka akachoka. Nikapelekwa shule ya bweni ya misheni, upande wa Tarime.

Huko ndiko nilikoijua kazi ya mikono yangu. Sista aliyetufundisha, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kujikwaa, alitugawia mbao akatuambia tutengeneze picha. Rangi za dukani hatukuwa nazo. Nilichukua udongo mwekundu, majivu, mkaa na maganda ya mayai, nikavibandika kwa utomvu wa mti na uji mzito wa muhogo. Nikaona kilima cha kwetu kinatokea pale ubaoni, jua linapanda. Sista alisimama nyuma yangu muda mrefu. "Ghati," akasema, "wewe unaujua mwanga." Mwaka mzima nikawa wa kwanza darasani. Sifa ile niliizoea kama chumvi kwenye mboga.

Ndipo akaja Wegesa.

Alitoka Machochwe, ng'ambo ya Mto Mara. Msichana mwembamba, mpole, akicheka anaziba mdomo. Alipopewa ubao alikaa siku tatu bila kuugusa, mimi nikafurahi. Siku ya nne alikwenda nyuma ya duka akaokota vipande vya chupa na zile karatasi zinazong'aa za ndani ya pakiti za sigara. Akatandika karatasi chini, juu yake akapanga vioo, pembeni akafinyanga ng'ombe wa udongo wanaoshuka mtoni. Ukipita mbele ya ubao ule, maji yanacheza. Ukisimama, yanatulia. Wasichana walikuwa wanapita na kurudi, wanapita na kurudi, wanacheka. Mbele ya ubao wangu hakusimama mtu.

Wivu ulinishika tumboni. Nasema kweli, chakula kilikataa kupita. Niliposikia Sista anatangaza kwamba ubao mmoja tu utatundikwa ndani ya kanisa jipya, mahali jua la asubuhi linapoingia, nilivichukua vioo vya Wegesa wakati hayupo nikavitupa chooni.

Mnajua alifanya nini? Hakulia, hakuuliza. Alirudi nyuma ya duka akaokota vingine, akaniletea nusu kwenye kitambaa. "Chukua hivi vya kijani," akaniambia. "Vitakaa vizuri kwenye kilima chako." Afadhali angenipiga kofi. Wema wake ulinichoma kuliko uzuri wa kazi yake.

Nikatafuta kitu ambacho yeye hana. Kanisa lile lilikuwa linapakwa chokaa, nyeupe mpaka inaumiza macho. Fundi mmoja mzee alikuwa ametuonya: "Wanangu, hii ya kwenye gunia haijazimwa kwa maji. Msiiguse, inakula nyama." Mimi nilisikia neno nyeupe tu. Jumamosi mchana, wenzangu walipokwenda mtoni kufua, nilichota chokaa ile kwenye kopo, nikajificha nyuma ya jiko ili Wegesa asije akaiga. Nikamimina maji. Kopo likawa la moto. Nikainama nione.

Chokaa ilichemka ikaruka yote usoni.

Maumivu yake siwezi kuyapima. Ni kama mtu amekusukumia makaa chini ya kope na kuyasaga humo. Nilipiga kelele, nikajikunyata, nikasugua kwa ngumi, na kila nikisugua naisukuma ndani zaidi. Kisha nikasikia miguu inakimbia. Wegesa hakuwa amekwenda mtoni. Alibaki kumalizia ubao wake. Alinikamata kichwa, akaniburuta hadi kwenye pipa la maji ya mvua.

"Fumbua macho, Ghati!"

"Siwezi!"

"Fumbua!" Akanikalia mgongoni, akanipanua kope kwa vidole vyake, akamimina maji kwa kibuyu, kibuyu baada ya kibuyu. Nilimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Hakuniachia. Alimimina mpaka wenzetu wakarudi na nguo zao.

Nilipakiwa kwenye gari la misheni nikapelekwa hospitali. Daktari alinigeuza kope nje ndani, akatoa chembe za chokaa kwa pamba, moja moja. Kisha akauliza, "Nani amemwosha huyu?" Sista akamtaja. Daktari akasema, "Bila msichana huyo angekuwa kipofu kabisa. Jicho la kushoto huenda likapona. La kulia silijui."

Nilikuwa nimefungwa bandeji, naugua, natokwa na usaha mpaka kwenye masikio, na bado moyo wangu ulisema: hata jicho langu sasa ni la Wegesa!

Tata alifika kutoka Susuni kwa miguu. Akakaa kando ya kitanda. "Nani amekufanyia hivi?"

Ningesema ni mimi. Badala yake nikasema, "Tulikuwa wawili na Wegesa. Yeye ndiye aliyemwaga maji."

Sentensi mbili tu. Tata aliinuka. Nilisikia fimbo yake inagonga sakafu akitoka.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Kila asubuhi muuguzi alifungua bandeji akapitisha kijiti cha kioo, laini, katikati ya kope na mboni, ili nyama isishikane. Nililia kama mbuzi anayechinjwa. Jicho la kulia lilivimba, likatoboka kidonda, mwisho likawa jeupe kama yai lililochemshwa. La kushoto lilitiwa dawa ya matone na mafuta. Shuleni, nilisikia, Wegesa alikuwa amerudishwa kwao mpaka jambo lichunguzwe. Alikuwa amewaeleza jinsi alivyonikuta, lakini mimi niliyeungua ndiye niliyeaminiwa. Nilipopata habari hiyo nilifurahi. Nasema mbele ya Mungu, nililala nikifurahi.

Halafu akaja mama. Alinishika mkono.

"Mwanangu, kaka zako wamekusanya vijana wa ukoo. Wananoa mapanga. Wanakwenda Machochwe kuuliza jicho lako."

"Lini?"

"Keshokutwa wanaondoka. Tata yako amewakubalia."

Nilimwona Wegesa gizani kwenye bandeji yangu, amekaa mlangoni kwao na alama ya meno yangu mkononi. Nikaona na kaka zangu, maana watu wa Machochwe nao wana mikuki. Nikasema, "Mama, nimedanganya."

Mama hakuelewa. Nikarudia. Nikamwambia vioo nilivyovitupa, chokaa niliyoiba, pipa la maji, meno yangu. Mama alitoka pale bila kuchukua kanga yake, akakimbia njia ya Susuni.

Siku ya pili yake Tata alisimama tena kando ya kitanda, ananuka vumbi. Alikuwa amekwisha kuwazuia kaka zangu.

"Ulitaka kunizikisha wanangu kwa ajili ya picha?"

"Nisamehe, Tata."

"Si mimi wa kuombwa. Mimi nakwenda Machochwe, kichwa changu kimeinama, kumwambia mzee wa watu kwamba binti yangu ni mwongo. Kuvuka mto ule kwa vita kungekuwa rahisi kuliko hivi." Akaenda. Mwendo wa siku mbili, mzee yule.

Baada ya juma moja daktari alifungua bandeji ya jicho la kushoto. "Unaona nini?" Niliona kitu cheupe chenye ukungu, kikawa ukuta. Kando ya ukuta, kitu cheusi. Kikawa mtu. Alikuwa Wegesa, amekuja na baba yake pamoja na Tata.

Nilimwomba msamaha. Aliangalia chini. Akasema, "Mkono uliniuma sana, Ghati. Na kurudishwa nyumbani kuliniuma zaidi. Nimekusamehe kwa sababu baba amesema nikusamehe. Mimi mwenyewe nitakuja kukusamehe pole pole." Hakunipaka asali, na ninamshukuru kwa hilo.

Tulirudi shuleni wote wawili. Ubao wake ulikuwa umetundikwa kanisani. Nilikwenda asubuhi, jua linaingia, nikasimama nikautazama kwa jicho moja. Maji yalicheza. Wegesa alikuwa kwenye benchi la nyuma. Nikamwambia, "Ni mzuri kuliko wangu." Maneno hayo yalinitoka kama mwiba unavyotoka mguuni. Alianza kucheka, akaziba mdomo.

Kina mama, chokaa ikimwingia mtu machoni, msitie maziwa wala majani. Maji safi, mengi, hata akikung'ata, kisha hospitali. Na mtoto akikataa kula kwa sababu mwenzake amesifiwa, msicheke. Mkae naye, aseme. Mimi sikumwambia mtu, ikabaki kidogo watu wafe.

Namshukuru Mungu kwa jicho la kushoto. Nawashukuru daktari na yule muuguzi, na Tata aliyevuka mto akiwa ameinama.

Wegesa bado yupo Machochwe, bibi kama mimi. Mwezi uliopita alinitumia kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nilikitandaza mezani. Uzi wake unang'aa, mishono yake kama haikuguswa na mkono wa mtu. Tumbo likaniuma kidogo, pale pale pa zamani. Nikaketi. Nikamwita mjukuu wake aliyekileta, nikamwambia, "Kamwambie bibi yako nimekiona, na mimi siwezi kutengeneza kama hiki." Kisha nikapakua chakula, nikala.