Siku Salomon Alipoisahau Baba Yetu

Jumapili hiyo, katika kanisa la Mususa mjini Butembo, Salomon alishindwa kumaliza Baba Yetu. Na amekuwa katekista kwa miaka ishirini na tisa! Alifika "utupe leo", akaanza upya, kisha akaketi sakafuni na kuvua viatu. Wa nyuma wakanong'ona kwamba amelewa. Mkewe Kavuo alitamani ardhi immeze, maana mumewe hajawahi kuonja hata kasiksi, pombe ya ndizi.

Lakini Kavuo si mtu wa kubabaika. Salomon ana ugonjwa wa sukari, na kila iliposhuka alipayuka. Chai yenye vijiko vitatu ilimrudisha, na majirani walimsifu Kavuo kwa tiba yake. Akamnywesha chai hiyo papo hapo nje ya kanisa. Salomon akanywa, akamtazama, akamuuliza kwa adabu yeye ni mke wa nani.

Kavuo akamvisha viatu, akaita pikipiki.

Hospitalini, daktari Mukendi, aliyetoka Kasai, alimwambia Salomon anyooshe mikono. Viganja vikaangukaanguka vyenyewe.

"Mama, sukari yake iko muzuri. Ni maini njo imechoka. Uchafu yenye ilipashwa kusafisha, inapanda mu kichwa."

Kavuo akabisha: maini si ugonjwa wa walevi? Daktari akaeleza kwamba kuna homa ya maini inayomla mtu miaka mingi bila tone la pombe, na kwamba ile sukari iliwafumba wote macho. Kisha akauliza ni dawa gani nyingine alizokunywa. Wiki nzima Salomon alikesha usiku na kusinzia mchana, na Kavuo, kwa huruma, alikuwa amempa vidonge vya usingizi vya dukani.

"Donc ile kinini ya usingizi njo ilimumalizia akili," daktari akasema.

Kwa siku tatu walimpa dawa ya maji ya kumwendesha choo, uchafu ule utoke. Siku ya nne alisali Baba Yetu yote. Binti yao Victoire alikuwa amefika kutoka Beni, na watu wa shirika, jumuiya yao ya sala, wamejaa chumbani.

"Bila sukari ya Mama Victoire mungekuwa munanizika," Salomon akawaambia. Wakapiga makofi. Kisha akamwomba mkewe kile kidonge cha usingizi, kwani hapo hospitalini usingizi haukuja.

"Hapana, Papa Victoire," Kavuo akasema. "Ile kinini njo ilitaka kukuua. Na ni miye nilikukunywisha."

Salomon alimshika mkono, na Kavuo akalia mbele ya shirika zima.