Nimelinganisha aina tatu za taa za mbele kwenye kirikuu changu kwa gunia jeusi na chokaa, majibu haya hapa

Wakuu, nawasalimu, na wakubwa zangu humu shikamooni.

Kila baada ya siku mbili naona mtu humu anauliza taa gani nzuri, LED au za kawaida. Halafu wanakuja watu kumi wanabishana na hakuna hata mmoja aliyepima. Mimi nimepima. Nitaeleza yote, pamoja na sehemu inayoniaibisha. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, apite nyuzi nyingine.

Kwanza mnijue. Niko Bagamoyo mjini, umri umevuka hamsini, nina kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na kazi yangu ni mananasi. Natoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, naswalia Kiwangwa, nachukua mzigo shambani na kurudi nao sokoni. Ukichelewa unakuta makubwa yameshachukuliwa. Kwa hiyo safari yangu ya kwenda ni giza tupu, kila siku ya Mungu.

Mke wangu, Mama Salma, huwa anakuja na mimi. Anasema anakuja kuchagua mananasi kwa sababu mimi nauziwa yaliyoiva upande mmoja. Hilo sibishi.

Tatizo lake ni mdomo. Akishafunga mlango haachi. "Baba Salma, mbuzi hao. Baba Salma, baiskeli kushoto. Baba Salma, punguza, kuna mtu anavuka." Nilishamwambia kama anautaka usukani aseme nimtafutie leseni tukae kwa amani.

Basi, siku moja hakuja. Kwao Mlingotini kulikuwa na hitima, akalala huko. Nikaenda peke yangu, nikasema leo nitasikia redio.

Nimeshaikaribia Kiwangwa, inakuja fuso mbele yangu, taa zake zimenijaa machoni. Ilipopita tu nikaona kitu cheusi mbele ya gari. Nikakata usukani. Nikasikia "pwa!", gari ikaenda kusimama kwenye majani.

Alikuwa baba mmoja na baiskeli, kapakia viroba vya mihogo. Kioo changu cha pembeni kilimgusa kiroba, akaanguka nacho. Alichubuka goti na kiwiko, basi. Mihogo imetapakaa barabarani.

Akanyanyuka akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, hukuniona?"

Wakuu, mimi nilimfokea yule mtu. Nikamwambia unatembeaje usiku bila taa. Akanionyesha tochi aliyoifunga kwenye usukani wa baiskeli. Inawaka. Nikamwambia hiyo si taa, hiyo ni kibiriti. Nikamsaidia kuokota mihogo, nikaondoka.

Siku nzima sikula. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: ningeua mtu. Na kesho alfajiri napita pale pale.

Nikaamua tatizo ni taa. Kirikuu kina balbu zake za kiwandani, zile za njano, na mimi nikaziona zimechoka.

Nikaenda kwa fundi wangu wa umeme wa magari, kijana anaitwa Chidi. Chidi akanipanga vizuri. Akafunga balbu za kioo cha bluu upande mmoja na LED zenye feni upande wa pili, akarudisha gari nyuma, akawasha kuelekea ukuta wake mweupe.

Mafundi wote wa huku wanapima hivyo, na wateja wote tunanunua hivyo. Mnasimama mnatazama ukuta kama mnatazama mpira.

Ile LED, wakuu, iliuchana ukuta. Ungeweza kusoma msahafu pale. Nikasema nifungie hizo. Bei sitaji, Mama Salma anajua kuingia humu.

Wiki ya kwanza nikawa mfalme wa barabara. Lakini kuna jambo likanishangaza.

Kwa wasiotumia njia hii: dereva anayekuja akikupigia full, taa za juu, mara mbili, anakwambia mbele kuna trafiki, jiandae. Ni ustaarabu wetu. Na wewe unamjibu kwa full moja, ya ahsante.

Sasa kila gari lililokuja mbele yangu lilinipigia full. Kila moja! Nikafunga mkanda, nikapunguza mwendo, nikawajibu ahsante kwa full. Wengine wakazidisha kupiga. Nikasema leo trafiki wamemwagwa, nikazidi kupunguza.

"Baba Salma, trafiki gani saa kumi na moja alfajiri?"

"Wewe unajua ratiba yao?"

"Hawa watu wanalalamika."

"Wanatoa taarifa."

Siku nne nikaenda Kiwangwa kwa mwendo wa maiti, sikuona trafiki hata mmoja, na nikakuta mananasi madogo madogo. Siku ya tano mchuuzi mwenzangu akanishika bega pale shambani. "Kumbe wewe ndiye mwenye zile taa nyeupe? Ndugu yangu, unatuua. Tukikwambia zima, wewe unaongeza!"

Nilijisikia kuingia chini ya gunia la mananasi.

Na hapa niseme ukweli mwingine. Pamoja na mwanga wote ule, nilikuwa sioni mbali. Naona weupe umetanda mbele ya gari, kama moshi hivi, lakini vitu vyenyewe vinanijia ghafla vile vile. Mama Salma alikuwa bado anataja mbuzi wake na baiskeli zake, nami nakuja kuziona baada yake. Nikasema LED ni feki, Chidi kanipiga.

Nikamfuata. Nikamwambia tunakwenda kupima barabarani, siyo ukutani, na balbu zote tatu uzibebe. Hakukataa. Ni kijana mwenye kujiamini kwa kazi yake.

Njia ya Mlingotini kuna kipande cha vumbi kimenyooka, hakuna nyumba. Tukaenda baada ya magharibi, mimi, Chidi na Mama Salma. Nikachukua gunia jeusi nikalijaza makumbi ya nazi, urefu wa mtoto aliyekaa. Na mfuko wa chokaa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Chidi anakwenda kuliweka gunia mahali asipotuambia. Anarudi, anatembea kando ya gari. Mimi naendesha polepole kama bibi harusi. Atakayeliona gunia anasema "lile!", na Chidi anamwaga chokaa hapo hapo. Chokaa kidogo kwa Mama Salma, chokaa nyingi kwangu.

Mama Salma nilimchukua awe shahidi tu. Sikuwa na habari naye.

Tukaanza na za njano za kiwandani. Natembea, natembea. "Lile," akasema Mama Salma. Natazama, sioni kitu. Nikajua anabahatisha. Nikaendelea, nikaendelea, mpaka Chidi akaanza kunitazama. Ndipo nikaliona gunia, liko pale kama limeshuka kutoka mbinguni. Nikasimama. Mama Salma kanizidi hatua arobaini na kitu.

Nikasema umeliona kwa sababu umejua litawekwa wapi. Chidi akalihamisha upande wa pili wa barabara.

Za bluu. Mama Salma akaliona, safari hii kwa karibu kidogo kuliko za njano. Mimi nikaja kuliona pale pale pangu.

LED. Mama Salma akaliona mapema, karibu sawa na za njano, ila akalalamika vumbi linang'aa linamuumiza macho. Mimi, pale pale pangu.

Tulishuka tukazitazama zile chokaa kwa tochi ya simu. Kila tukibadilisha balbu, alama za Mama Salma zilisogea, mara mbele mara nyuma. Zangu zote tatu zilikuwa zimeachana na gunia kwa umbali ule ule, wa kuchekesha. Balbu ya njano, ya bluu, ya LED, kwangu zote sawasawa.

Nikawaambia turudie. Tukarudia. Ikawa vile vile.

Chidi akaweka mfuko wa chokaa chini. Akaja karibu, akainua tochi ya simu. "Mzee wangu, samahani, hebu nitazame." Akanimulika jicho moja, akanimulika la pili. Kisha akamtazama mke wangu, siyo mimi.

Mama Salma akasema, "Mwambie tu. Akiambiwa na mimi ananuna."

Nikamgeukia. Nikamuuliza ulikuwa unajua?

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Ulikuwa unamimina uji nje ya bakuli. Nikakwambia nenda ukapime macho, ukaninunia siku mbili. Nikakwambia tena, ukasema nakuzeesha. Nikanyamaza, nikawa nadamka na wewe."

Nikasema si unadamka kuchagua mananasi?

"Mananasi! Baba Salma, mimi nina mgongo, nidamke saa kumi nikachague mananasi?"

Wakuu, sina maneno ya kueleza nilivyojisikia pale. Aibu, halafu hasira, halafu aibu tena. Miaka miwili yule mwanamke ameendesha gari na mimi kwa mdomo wake, na mimi namtania.

Funguo nikampa Chidi. Nilimwambia arudishe za njano, tukabanana watatu mbele, yeye akashika usukani. Akaendesha kwa dim, taa za chini, kawaida kabisa, mkono mmoja. Anapishana na watu, anapisha baiskeli, anakwepa mashimo ambayo mimi nayajua kwa matako.

Na njia nzima Mama Salma hakusema neno. Alikuwa kaegemea mlango, katulia. Hapo ndipo paliponiuma kuliko yote.

Nikaenda hospitali Dar. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeshakomaa. Daktari akaniambia ndiyo maana taa za mbele yangu zinanitawanyikia, na ndiyo maana nikiongeza mwanga najiongezea ukungu. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia dereva. Akaacha kuandika.

La kulia limeshafanyiwa upasuaji, alhamdulillahi. La kushoto nasubiri zamu. Mpaka hapo siendeshi gizani, daktari kakataza na mimi mwenyewe sitaki. Tunatoka jua likishachomoza. Mananasi makubwa tunakuta yamekwenda, tunauza haya haya madogo na wateja wanalalamika. Acha walalamike.

Sasa majibu ya taa, maana wengine mlifuata hilo tu.

Kwa kirikuu changu, za bluu ndizo mbovu kuliko zote, ni urembo. LED inamulika karibu vizuri sana, lakini kwenye taa ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake inamwaga mwanga machoni mwa wenzako, na kwenye vumbi inakurudia mwenyewe. Za njano za kiwandani, zikielekezwa vizuri na kioo kikiwa kisafi, zinatosha. Ukuta usiuamini, unakuonyesha hatua tano tu za mbele.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza kama nimemdai Chidi anirudishie hela. Hapana. Alinipa nilichomwomba, na bila yeye kunimulika jicho nisingekwenda kokote. LED zimekaa kabatini.

Na kwa aliyeandika kwamba nimshukuru Mungu hakuna aliyekufa: nashukuru, kila siku. Lakini daktari alisema kitu kile hakikuanza juzi. Mimi ndiyo nimekaa nikifikiri. Yule wa baiskeli nilimgusa, ndiyo maana namjua. Waliojitupa majanini siku nilizokuwa peke yangu, kabla sijafika, wakanyanyuka wakajipangusa wakaendelea na safari zao, mimi nilipita redio inaimba. Wale siwajui ni wangapi, na wengine huenda wananipa salamu sokoni.

Kwa hiyo somo langu ni dogo. Kabla hujanunua taa, mkalishe pembeni mtu unayemwamini, muwekeane gunia barabarani, kila mmoja aseme anapoliona. Akikuzidi mara moja, sawa. Akikuzidi kila mara, usiende dukani, nenda kapime macho. Na akikuambia, usinune.

Aliyepima taa zake kwa njia nyingine alete majibu hapa chini. Na mwenye mke anayeongea sana garini, naomba kwanza amuulize anaona nini, halafu ndiyo aje kunijibu.